Yaya, Haikuwa Dhahabu

Yaya Lukendo, kaka yangu mkubwa,

Barua zangu zote kwako zilianza kwa kuuliza hali. Hii siulizi. Hali yako ninaijua, na inanikasirisha mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimeshachana kurasa mbili kabla ya hii.

Niko mjini Baraka, nyumbani kwangu, kwenye meza ile uliyokuwa ukiichafua kwa udongo kila Jumamosi. Watoto wangu wa shule wamekwenda kwao. Nina mambo mengi ya kukuambia, maana tangu ulipokufa yametokea mengi. Na nina la kukulaumu. Nitaanza na wewe, kwa sababu wengine nimeshawaambia usoni.

Nilikuambia uombe karatasi.

Usiseme umesahau. Siku ile ulikuja na mawe kumi na moja yamefungwa katika kitambaa, ukayamwaga hapa mezani kama mtu anayemwaga maharagwe. Ukasema Bwana Miwani amekupa, yawe yako. Bwana Miwani wako, yule muzungu wa mawe uliyembebea nyundo na mifuko miaka minne katika milima ya Lubondja. Mimi nikaacha sahani ndani ya maji. Nikakuuliza, amekupa pamoja na barua? Ukacheka. "Barua ya nini, Atosha? Neno yake inatosha."

Nikakuambia tena. Nikakuambia muntu mweusi akikutwa na jiwe la njano katika nchi hii, hakuna atakayeuliza ni jiwe gani. Ukanishika bega kama unavyomshika mtoto. "We unaogopa sana." Kisha ukaomba sahani ya bukari, ugali wako wa mihogo.

Naam, niliogopa. Na ninyi wawili, wewe uliyeamini na yeye aliyeaminiwa, hakuna aliyeogopa hata kidogo. Tazama sasa.

Najua ulikuwa na furaha siku ile. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kukaa. Ningekuwa na kaka mlevi, mwizi, mgomvi, ningelia nikamaliza. Lakini wewe umekufa kwa sababu ya kupenda kutazama jiwe.

Nakumbuka lile la kwanza, kabla ya yale kumi na moja. Nilikuwa nachambua ndagala, dagaa wa ziwani, ukaingia na vumbi la njiani, ukaniwekea kitu kiganjani. Kidogo, kizito, cha njano, kina pande sita zilizonyooka kana kwamba seremala amekipiga randa. Nilikimbia kufunga mlango. Nikasema yaya, umeiba dhahabu, tumekwisha! Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukachukua chungu changu, chungu kizima, yaya, wala si kigae, ukakivunja pembeni na kukwaruza jiwe pale palipovunjika. Likaacha unga mweusi.

"Dhahabu inaacha mustari ya njano," ukasema. "Hii iko nyeusi. Piga nyundo: dhahabu inalala, hii inapasuka, inatoa cheche, inanuka kiberiti. Iko chuma na kiberiti, basi. Jina yake pirita."

Nilikununia kwa ajili ya chungu mpaka jioni.

Lakini nilikuuliza nani amelichonga, na hapo ndipo uso wako ulipobadilika. Ukasema hakuna aliyelichonga, limekua hivyo lenyewe ndani ya mwamba. Ukalisogeza dirishani ukanionyesha mistari. Kila upande ulikuwa na mistari myembamba kama ya kaye, daftari la shule. Upande wa juu ilikwenda huku, upande wa mbele ikasimama, upande wa pembeni ikaelekea kwingine tena. Hakuna pande mbili zilizopakana ambazo mistari yake ilifuatana. Ukaligeuza jiwe kidogo kidogo kwa vidole viwili. "Sanduku ya kweli ukiigeuza robo inabaki ileile. Hii ukiigeuza, mistari yenye ilikuwa imesimama inalala. Kwa nini, Atosha? Ndani yake kuna kitu imeinama."

Mimi sikuona cha kushangaza. Nilikuwa nawaza chungu. Leo ningekupa vyungu vyangu vyote uvivunje.

Bwana Miwani alikuwa amekuambia jambo moja tu: kwamba ndani ya jiwe lile chembe za kiberiti haziishi peke yake, zinashikana mbili mbili kama mapacha, na kati yao kuna chembe za chuma. Mengine uliyatafuta mwenyewe hapa mezani. Chuma ulikifanya kwa udongo mwekundu wa kichuguu, mapacha kwa udongo mweupe wa mtoni, ukaviunganisha kwa vijiti vya mwanzi. Jumamosi ya kwanza uliwapanga mapacha wote wamesimama. Hapana, mistari ingekuwa ileile kila upande, ukasema. Ukabomoa. Jumamosi ya pili ukawalaza wote. Hapana. Jumamosi ya tatu ukawainamisha, huyu kuelekea pembe hii, jirani yake kuelekea pembe nyingine, kwa zamu, na ulipomaliza ukalizungusha lile lidude lote mkononi, ukapiga kelele hata mama wa nyumba ya pili akaja kuuliza nani amekufa.

Ulilibeba kwa miguu mpaka Lubondja, limefungwa katika blanketi langu la kupigia pasi. Ulipomwonyesha bwana wako, alivua miwani akaifuta, akafungua kitabu chake cha Kifaransa. Picha ilikuwa ileile. Wazungu walishaijua zamani, kwa mashine zao, lakini wewe hukuwa na mashine. Akakuuliza nani amekufundisha. Ukamjibu, "Mistari."

Hilo ulinisimulia mara tatu. Siku hiyo ndipo alipokupa yale kumi na moja. Nisingekulaumu kwa kuyapokea. Nakulaumu kwa karatasi.

Yaliyofuata unayajua, lakini nataka uyasikie kwa upande wangu. Bwana Miwani akaenda Ulaya kupumzika. Huku nyuma dhahabu ikapungua kwenye machimbo ya kampuni iliyowaajiri ninyi wawili, na kapita mpya, msimamizi wa wafanyakazi, yule mwenye kofia ya kaki, akaanza kupekua nyumba za wafanyakazi. Kwako akakuta mkebe wa maziwa chini ya kitanda. Mawe kumi na moja, na kaye yenye michoro. Kaye aliitupa. Mkebe akaupeleka mbio Fizi kama mtu aliyeshika mamba.

Mke wako Apendeki alikuja Baraka siku ya pili, mtoto mgongoni, hakuwa amekula. Aliniambia kitu kimoja tu: hawakukupiga kwa sababu hukubisha. Ulitoka mwenyewe, ukafunga mlango wako, ukawafuata.

Nilipanda mpaka Fizi, walikokupeleka kuhukumiwa, kwa kamyo, lori la mihogo. Mfukoni nilikuwa na kigae. Nilifikiri, yaya, nisikie vizuri ili ujue nilivyokuwa mjinga, nilifikiri jambo lenyewe ni jepesi. Nitasimama, nitaomba jiwe moja, nitakwaruza, wataona unga mweusi, watakuachia, tutarudi na kamyo ileile.

Bwana wa hukumu alikuwa na faili nyingi na homa. Nilipoomba kusema, mkalimani akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. Nilisema mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, ni dada yake, mawe yale si dhahabu, naweza kuonyesha. Nikatoa kigae. Watu wakacheka. Kapita akacheka kuliko wote. "We mwanamuke, unajua nini ya mawe?" Mkalimani hata hakutafsiri. Nikasema tena kwa Kifaransa changu kibaya. Bwana akainua macho, akasema kwamba ujuzi wa mawe ni wa watu wa kampuni, na kampuni imesema ni dhahabu. Kampuni! Kapita mmoja ndiye aliyekuwa kampuni siku ile. Mawe yalikuwa mezani, yaya. Yalikuwa karibu nami kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeyagusa. Mistari yako niliiona kutoka pale nilipokuwa.

Na wewe ukanyamaza.

Walikuuliza nani alikupa. Ukatazama ukuta. Wakauliza mara ya pili. Nilikutazama mpaka macho yakaniuma, nikisema moyoni, sema, sema, taja jina moja tu. Hukusema. Walipokutoa nje nilikukimbilia, askari akaniacha dakika moja kwa huruma yake. Ukaniambia kwa sauti ndogo, "Kampuni inakataza kugawa mawe. Nikimutaja, atafukuzwa. Akirudi atasema mwenyewe."

Atafukuzwa! Mtu mwenye nyumba Ulaya, mwenye vitabu, mwenye meli ya kumrudisha! Wewe ulikuwa na Apendeki, na mtoto asiyejua kutembea, na mimi. Ulitupima sisi wote ukamwona yeye mzito zaidi? Swali hili nimekuuliza nikiosha, nikifundisha, nikiwa kanisani wengine wanaimba. Ulikuwa muungwana, wanasema. Mchungaji alisema hivyo hivyo katika ibada. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka amalize.

Walikufunga, na kwenye kambi ya wafungwa wa barabara nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unavunja kokoto pamoja na wengine, na ulinichekesha, Mungu akusamehe. Ulisema kokoto zile ni mawe ya kawaida kabisa, hazina kristali nzuri, hazina pande wala mistari, ndiyo adhabu yenyewe. Mara ya pili hukuweza kusimama. Tumbo. Niliomba wakupeleke kwa dokta, wakasema kesho. Niliwaachia wali na maji yaliyochemshwa. Sijui kama ulivipata.

Askari wa kambi alinikuta shuleni na habari yako. Watoto walikuwa wanasoma silabi kwa sauti, ba be bi bo bu, naye akasimama mlangoni ameshika kofia, na wao hawakuacha kusoma kwa sababu sikuwaambia waache.

Niliporudi nyumbani lile lidude lako lilikuwa juu ya kabati, maana ulilirudisha kwangu baada ya kumwonyesha bwana wako. Nililivunja. Nililipiga chini, nikalikanyaga, mapacha na chuma na vijiti, mpaka likawa vumbi. Sitaki unisamehe. Nakuambia tu.

Baada ya majuma matano Bwana Miwani akarudi.

Sikungoja aje. Nilikwenda Lubondja kwa miguu, nikafika kambini kwake asubuhi, amekaa mbele ya hema na kahawa. Alikuwa ameshaambiwa. Alisimama, akasema jina lako, akaanza kulia. Nilimwacha alie. Sikumpa kiti wala kitambaa, sikusema pole. Alipomaliza akasema ataandika barua kwa wakubwa wa kampuni, ataeleza yote, wataona kosa. Nikamwambia, "Bwana, kaka yangu hakufungwa kwa barua. Alifungwa mbele ya watu. Utasema mbele ya watu."

Akasema hilo ni gumu. Akasema kazi yake. Yaya, aliogopa jambo lile lile ulilomhofia wewe, kazi yake, na mimi nikajisikia nimesimama kati yenu wawili kama mpumbavu wa mwisho. Nikamwambia, "Alijua. Ndiyo maana alinyamaza. Alikufa ili upate kunywa kahawa hii." Akaweka kikombe chini. Sikuwahi kusema hivyo na muzungu.

Alikuja. Hilo nalisema kwa haki yake. Siku ya soko, mbele ya nyumba ya chifu, watu wa Lubondja wote, na wafanyakazi, na kapita na kofia yake ya kaki. Mkebe uliletwa kutoka Fizi. Alikuwa amekwenda kuuchukua mwenyewe. Akaanza kusema Kifaransa, taratibu, akitazama viatu vyake. Nikasema kwa nguvu kutoka katikati ya wamama, "Sema Kiswahili!" Akainua kichwa. Akasema:

"Mawe hii ni mimi nilimupa Lukendo. Si dhahabu. Lukendo hakuiba kitu."

Kisha akachukua jiwe moja na kigae. Kigae changu, yaya. Mimi ndiye niliyempa. Akakwaruza. Unga mweusi. Akaweka jiwe juu ya mwamba akapiga nyundo, likapasuka vipande, harufu ya kiberiti ikatoka, na watu wote wakafanya "Eeeh!" kama wanaona muujiza. Mzee mmoja akasema kweli muzungu anajua. Nilitaka kupiga mayowe. Kigae kilekile! Maneno yaleyale! Nilipoyasema mimi yalikuwa kichekesho, aliposema yeye yakawa elimu. Na wewe uliyeyajua kabla yangu, uliyejua hata kwa nini mistari inageuka, hukuwepo hata kuona watu wakishangaa.

Kapita aliulizwa. Akasema, "Mi nilifanya kazi yangu." Basi. Hakuomba radhi, na hakuna aliyemlazimisha. Bado anavaa kofia ile, bado anapekua nyumba. Nakuambia ili usidhani mambo yamenyooka. Hukumu ilifutwa kwa karatasi yenye muhuri. Karatasi, yaya. Ile niliyokuambia uombe, imekuja sasa, imeandikwa vizuri kabisa, na Apendeki hajui kusoma.

Apendeki amerudi kwao Swima, kando ya ziwa. Nilimpelekea mkebe na mawe yaliyobaki, nikidhani atayaweka kwa ajili ya mtoto. Aliuchukua, akaenda mpaka majini, akayatupa moja moja, mbali, kama mtu anayemtupia mbwa mawe. Mtoto akapiga makofi kila lilipolia chubwi. Sikumzuia. Amepata kazi ya kukausha ndagala kwa mama yake, na mtoto sasa anatembea. Ana tabia ya kugeuza kila kitu anachookota, upande huu, upande huu. Sijamwambia Apendeki kwamba nimeona.

Bwana Miwani alikuja hapa Baraka juma lililopita. Aliomba lile lidude la udongo aliweke ofisini kwake. Nilimwambia nimelivunja. Akasema labda naweza kulitengeneza tena, nililiona likitengenezwa. Nikamfukuza. Kisha, kwa kuwa mimi pia nina ugonjwa wako, nikachukua udongo nikajaribu. Nimekwama. Mapacha wanne wa kwanza wanakaa, wa tano sijui aelekee wapi, na kila nikimgeuza jengo lote linaanguka. Nilipiga meza kwa ngumi. Nilisema kwa sauti, "Yaya, huyu anainama wapi?" Hapo ndipo nililia. Siku zote nyingine ilikuwa hasira.

Sasa nakuambia jambo lililobaki, na ndilo kubwa.

Wamekuzika kule kambini kando ya barabara, pamoja na wafungwa wengine, kuna kijiti chenye namba. Nimekuona. Mtu aliyefutiwa hukumu hana sababu ya kulala chini ya namba ya mfungwa, hivyo nilimwambia karani wa bwana mkubwa wa serikali huko Fizi. Akasema ombi litaangaliwa. Nilirudi baada ya majuma mawili, akasema mvua. Nilirudi tena, akasema mwili haufukuliwi bila ruhusa ya dokta. Nikaenda kwa dokta. Dokta akasema ruhusa ni ya karani. Juzi nilipoingia karani alifunga daftari kabla sijasema. Nikakaa kwenye benchi lake mpaka wakafunga ofisi, na kesho yake nikakaa tena. Mwalimu mkuu ameniambia nitapoteza darasa. Nimemwambia anipunguzie vipindi vya Jumatatu.

Wewe ulinyamaza kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi siwezi, sikuumbwa hivyo, na sitaki kufundishwa. Nitakaa kwenye benchi lile mpaka karani achoke na uso wangu kuliko anavyoogopa wakubwa wake. Nitakutoa pale. Nitakupeleka Lubondja, uzikwe karibu na baba, na juu yako pataandikwa jina, Lukendo, herufi zote, kwa mkono wangu mimi, maana mwandiko wa fundi wa makaburi nimeuona na ni mbaya.

Hasira haijaisha. Sikuahidi itaisha. Kwaheri kwa sasa, yaya wangu. Kamyo ya mihogo inaondoka kwenda Fizi Jumatatu alfajiri, nimeshamwambia dereva aniwekee nafasi mbele.

Dada yako,
Atosha